Mwisho Mwingine wa Kasiva

Kitambaa kipya kikipigwa pasi ya makaa hutoa harufu ambayo sijawahi kuipata mahali pengine. Ni kama wanga, kama vumbi la duka la nguo, na kwa mbali kama mkate unaoanza kuungua. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Kisha tulipokwenda Muthetheni kumzika Mwalimu Kalunde, stima ikapotea asubuhi, na mama mmoja wa kwaya akawa ananyoosha sare za wenzake nyuma ya nyumba kwa pasi ya makaa. Nilisimama pale na kikombe changu cha chai na mkate, nikashindwa kuondoka.

Wasifu wake ulisomwa vizuri. Walisema alifundisha miaka mingi, alilea watoto wa ndugu zake, alihudumu kanisani. Kuhusu uandishi walisema sentensi moja tu, kwamba aliwahi kutoa kitabu kidogo cha watoto. Nilitamani kuinuka niongeze langu, lakini wanasiasa walikuwa wameshajaza ratiba. Kwa hivyo naliandika hapa.

Nilikulia Mumbuni, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani zaidi kuliko chetu. Mama alikuwa fundi. Wateja walikuja na vitambaa vyao vimefungwa kwa gazeti, wakasimama katikati ya chumba, mama akawapima huku akiongea nao, na mimi na mdogo wangu Mumbua tukawa tunajifanya hatusikii. Mengi niliyoyajua kuhusu dunia wakati ule niliyasikia yakisemwa na mwanamke aliyeinua mikono juu huku akizungushiwa tepu kifuani.

Mwaka ninaouzungumzia, Mumbua alianguka kutoka kwenye mpera wa jirani, akavunjika mguu. Wale wa rika langu mtakumbuka plasta za siku zile, nzito kama mfuko wa simiti. Yake ilianzia juu ya goti mpaka kwenye vidole. Alilazwa kwenye godoro kando ya cherehani ili mama aweze kumwona, na hapo akakaa wiki nyingi, mtoto ambaye kabla ya hapo hakuwa amewahi kukaa kitako hata akila.

Mwalimu Kalunde alikuja kumwona. Alikuwa mteja wa mama wa muda mrefu, mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa na tabia ya kuinamisha kichwa unapomweleza jambo, hata ukiwa mtoto. Alikuwa hajaolewa, na watu walilitaja hilo kila jina lake lilipotajwa. Siku hiyo alitoa kwenye kiondo chake mandazi yaliyokuwa bado moto na kitabu chembamba chenye jalada la buluu.

“Hii niliandika mimi,” akamwambia Mumbua. “Mutheu atakusomea.”

Kwenye jalada kulikuwa na jina lake, na chini ya jina mchoro wa punda aliyefanana zaidi na mbwa.

Nilimsomea Mumbua kitabu hicho jioni ile ile, kabla ya chakula. Kilimhusu msichana aitwaye Kasiva, aliyeishi na mama yake na punda wao Karani. Punda aliitwa hivyo kwa sababu alitembea polepole, kichwa juu, kama mtu anayekwenda ofisini. Kila siku Kasiva na Karani walikwenda kuteka maji. Kisha ukame ukaja, mto ukakauka, na mama yake Kasiva akampeleka kwa shangazi yake kule Kivaa, akamwambia mvua ikinyesha atakuja kumchukua. Ukurasa wa mwisho mvua inanyesha. Kasiva amesimama mlangoni kwa shangazi, anatazama njia. Basi. Hapo ndipo kitabu kilipoishia.

“Halafu?” Mumbua akauliza.

Nikafungua ukurasa uliofuata. Haukuwa na kitu.

“Imeisha.”

“Haiwezi kuisha. Mama yake bado hajafika.”

Hapa lazima nieleze vile nilivyoelewa mambo wakati ule. Nilidhani kitabu ni kama habari za redioni, kwamba mtu huandika yale yaliyotokea. Kasiva alikuwa mtu. Alikuwa Kivaa. Kama Mwalimu hakuandika kilichofuata, basi alikijua na alikuwa akitunyima, kama watu wazima walivyokuwa na desturi ya kunyamaza watoto wanapoingia chumbani. Kulikuwa na mama aliyepita na mayai kutoka upande wa Masinga, iliko Kivaa, nami nilimuuliza kwa heshima zote kama huko kwao anamjua msichana anayeitwa Kasiva anayekaa kwa shangazi yake. Akaniambia anawajua wanne. Nikamuuliza yupi ana punda. Akacheka, akaniuzia mayai, na mimi nikabaki na hakika kwamba mmoja kati ya wale wanne ndiye.

Kwa hivyo nilipoanza kumweleza Mumbua yaliyotokea baadaye, sikuona kama ninatunga. Niliona kama ninakisia jambo ambalo kwa vyovyote lilikuwa limetokea. Nilisema mama yake Kasiva alingoja mvua itulie, akamfunga Karani mitungi miwili ili asitembee bure, wakaenda mpaka Kivaa. Mumbua alilala vizuri usiku huo, mara ya kwanza tangu aanguke.

Kesho yake akataka zaidi. Na kesho kutwa. Wiki nyingi za plasta zinahitaji mambo mengi. Kasiva akarudi nyumbani, akagombana na mbuzi wa jirani, akafaulu mtihani, akakua. Karani akapotea sokoni, akajirudisha mwenyewe. Mwishowe, kwa sababu barabara yetu ilipitiwa na malori ya mchanga mchana kutwa na Mumbua aliyapenda, Kasiva akawa dereva wa lori la mchanga, Karani akiwa nyuma anapigwa na upepo. Mama alitusikia huku akishona, na mara kwa mara mguu wake ulisimama kwenye pedali kwenye sehemu nzuri.

Siku moja Mwalimu Kalunde akaja kupimwa rinda. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa, naye Mwalimu alikuwa ameleta kitambaa kizuri cha rangi ya zambarau. Rinda lilikuwa limekatwa na kushikizwa kwa uzi. Akasimama juu ya kigoda, mikono imeinuliwa, pini zimemzunguka kiuno kizima. Mama alikuwa amepiga magoti chini yake anapima pindo, pini nyingine akiwa amezishika kwa midomo. Mimi nilikuwa mlangoni na karai la viazi.

Mumbua akamtazama kutoka kwenye godoro.

“Mwalimu, Kasiva bado anaendesha lori?”

“Kasiva gani?”

“Kasiva wako. Wa Karani.”

Mwalimu alijaribu kugeuka, pini zikamzuia. Mumbua akaona hakumbuki, akaamua kumsaidia. Akamwambia yote. Vile mama yake alivyokuja mvua ilipotulia. Vile Karani alivyoijua njia ya Kivaa ingawa hakuwa amewahi kufika. Mbuzi, mtihani, lori. Mama alikuwa anatoa sauti kutoka puani, mmh, mmh, akimtolea macho anyamaze, lakini kwa pini zile mdomoni hakuweza kusema kitu, na Mumbua alifikiri anaitikia. Mwalimu alisimama juu ya kile kigoda kama mtu anayepigwa picha, akaisikia hadithi mpaka mwisho.

“Nani amekuambia hayo?” akauliza.

“Mutheu.”

“Mutheu amejuaje?”

“Anajua tu.”

Mwalimu akanitazama. Hakuinamisha kichwa kama kawaida yake. Kisha akamwambia mama, kwa sauti ya chini, “Mama Mutheu, nitoe hii nguo. Nimekumbuka kitu nyumbani.” Mama akazitema pini kiganjani, akaanza kuomba msamaha, lakini Mwalimu alikuwa tayari anajivua. Aliondoka bila kunywa chai. Nilimwona getini akijifuta macho kwa ncha ya leso, na nikaelewa kwamba amechomwa na pini na kwamba amekasirika sana.

Mama hakunipiga. Alilitundika lile rinda kwenye msumari na kuniambia maneno ambayo nimewahi kuyasikia baadaye kutoka kwa watu wenye digrii, wakiyasema kwa urefu zaidi.

“Hiyo hadithi ni ya Mwalimu. Mtu akileta kitambaa hapa, mimi nakata vile anataka. Siwezi kukata vile mimi nataka, hata kama naona ingependeza.”

Na kusema kweli, mteja aliyepotea hakuniumiza sana. Nililoogopa ni jingine. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa kwamba Mwalimu ndiye aliyempa Kasiva mama, akampa punda, akaleta ukame. Basi mtu aliyeweza kuleta ukame angeweza kuleta chochote. Nilimwona akiwa nyumbani kwake, amekasirika, ana kalamu mkononi, anaandika kwamba Kasiva ameugua. Au kwamba lori limepinduka. Jumapili kanisani alikaa safu mbili mbele yetu na hakugeuka hata mara moja. Wenzangu waliombea mitihani. Mimi nilimwombea Kasiva, kwa jina.

Nikaacha kabisa kusimulia. Mumbua aliomba, akanuna, akageukia ukuta. Nikimwangalia nikaona anaanza tena kukosa usingizi, lakini niliona ni heri yeye anune kuliko mtu afe Kivaa kwa ajili yangu.

Leo mimi mwenyewe ninaandika hadithi za watoto, na kwenye simu yangu huingia mambo ambayo wakati ule hayakuwepo. Wasomaji huandika mwendelezo wa hadithi zangu na kunitumia. Mhusika niliyemfunga jela wanamtoa. Wawili niliowaachanisha wanawaoza, na sherehe inafanywa na nyama inapikwa. Katika kundi letu la waandishi jambo hili huleta ubishi kila mara. Mmoja husema ni wizi, na ana hoja yake. Mwingine husema hasomi kabisa anayotumiwa, ili asije akashtakiwa siku moja kwamba ameiga. Mwingine hutuma picha za moyo na kuendelea na kazi. Mimi huulizwa maoni yangu na huwa sijui nianzie wapi, kwa sababu ningelazimika kuanzia kwenye Jumamosi moja, saa tisa hivi alasiri, Mwalimu Kalunde aliporudi nyumbani kwetu.

Mama aliinuka kwenda kulichukua rinda msumarini. Mwalimu akamzuia.

“Acha kwanza, Mama Mutheu. Leo nimekuja kwa huyu.”

Huyu nilikuwa mimi. Mama akarudi kukaa. Mwalimu akavuta kile kigoda, akaketi karibu na godoro la Mumbua, magoti yake yakawa juu kwa vile alikuwa mrefu.

“Nieleze tena pale mama ya Kasiva anafika.”

“Sikumbuki,” nikasema.

“Unakumbuka.”

Nilitazama chini. Kisha likanitoka lile lililonikaa rohoni siku zote hizo.

“Utamuua?”

“Nani?”

“Kasiva.”

Mwalimu alitafuta maana ya swali langu, na alipoipata alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Mumbua akacheka pia bila kujua sababu. Mimi sikucheka mpaka aliposema, “Siwezi kumuua, Mutheu. Sikuweza hata kumrudisha nyumbani.”

Akatueleza basi. Hakutumia lugha ya watoto. Alisema siku ile alikasirika kweli. “Nilisikia kama mtu ameingia jikoni kwangu nikiwa nje, akafunua sufuria, akaongeza chumvi. Nikajiuliza, huyu mtoto amepewa ruhusa na nani? Nilienda na hiyo hasira mpaka nyumbani.”

“Halafu?” akauliza Mumbua, kama alivyouliza kila mara.

“Halafu nikakaa nayo. Nikaona niko na hasira na pia niko na kitu kingine. Unajua hicho kitabu kimekaa miaka ngapi? Watu wamekinunua. Wananiambia, Mwalimu, hongera, kitabu ni kizuri. Hakuna hata mmoja aliwahi kuniuliza Kasiva alienda wapi. Nikafikiria, kumbe kuna nyumba huko Mumbuni watu wanakaa wakiwaza juu yake kila siku, na mimi nilikuwa nafikiria nimebaki peke yangu kumfikiria.”

Mama alikuwa ameacha kujifanya anashona.

Mwalimu akasema kwamba alipokuwa mdogo, kwao Muthetheni, kulikuja ukame, naye akapelekwa Kivaa kwa shangazi yake. Aliambiwa mvua ikinyesha atakuja kuchukuliwa. Mvua ilinyesha. Alisimama mlangoni.

“Mama yako akakuja?” Mumbua akauliza.

“Hakukuja. Shangazi yangu hakuwa amebarikiwa na mtoto, na kwetu tulikuwa wengi. Walikuwa wamekubaliana. Mimi ndiye sikuambiwa. Nilikaa huko mpaka nikamaliza shule. Shangazi hakuwa mbaya, alinipenda. Lakini niliitazama ile njia muda mrefu.”

Hakulia. Alisema tu, na mikono yake ikakunja na kukunjua ncha ya leso.

“Nilipoandika kitabu nilitaka mtoto achukuliwe. Nilijaribu. Naandika mama amefika kwa lango, nashindwa atasema nini. Nafuta. Naandika tena, nafuta. Sikuwa najua mtu husema nini akifika, kwa sababu mimi hakuna mtu alifika. Nikaacha hivyo, mvua inanyesha. Sasa wewe ukamfikisha kama si kitu. Na mitungi juu ya punda.”

“Ndiyo asitembee bure,” nikasema.

“Ndiyo asitembee bure,” akarudia. “Sasa niambie. Alipofika, alisema nini?”

Kwa kweli sikuwa nimewahi kufika hapo. Kwa Mumbua ilitosha kwamba mama amefika, tukarukia safari ya kurudi. Nilitafuta maneno na sikuyapata, nikahisi kwamba hili ni jambo ambalo sistahili kukisia ovyo.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka nyuma ya cherehani, bila kuinua uso kutoka kwenye kitambaa.

“Angesema, ‘Chukua nguo zako, twende.’”

“Hivyo tu?” Mwalimu akauliza.

“Mtu ametembea kutoka Muthetheni mpaka Kivaa, Mwalimu. Ataanza hotuba?”

Mwalimu aliinamisha kichwa kwa muda. Akarudia yale maneno polepole, kama anayajaribu mdomoni: chukua nguo zako, twende. Kisha akajipangusa uso wote kwa leso ile, kama mtu aliyetoka kunawa.

Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi mpaka Mumbua akatolewa plasta. Tulimsimulia sote wawili. Wakati mwingine alipinga, akasema hapana, huyo Kasiva hawezi kumjibu mkubwa hivyo, na nikabishana naye, naye akabishana nami kana kwamba tunalingana umri. Alinisahihisha jambo moja tu la uandishi. “Punguza ‘ghafla’,” aliniambia. “Watu hufika polepole.” Alipokuwa anaondoka aliniuliza, “Na wiki ijayo?” Sijui kama kuna shule ingeweza kunifundisha zaidi ya swali lile, likiulizwa na mwenye hadithi. Kama angenigombeza siku ile ya pini, ningenyamaza, na nadhani ningenyamaza kwa muda mrefu sana. Nilipowaona watu wakitupa udongo kaburini kwake nilisema asante kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa kando yangu alidhani ninamshukuru kwa kunipisha.

Lakini ile Jumamosi ya kwanza, kabla hajaenda, alipanda tena kwenye kigoda na mama akamvalisha rinda la zambarau, akapiga magoti, akazishika pini kwa midomo. Hapo ndipo Mumbua alipouliza swali ambalo alikuwa amelibeba muda wote huo, akiwa ameukunja uso kwa mawazo.

“Mwalimu, sasa ya ukweli ni gani? Yako ama ya Mutheu?”

Mama akatoa ile sauti yake ya puani. Safari hii Mwalimu aliweza kugeuka, kwa sababu pini zilikuwa bado hazijafika upande huo, na akamjibu Mumbua akimtazama usoni.

“Yangu ndiyo ilitokea,” akasema. “Ya Mutheu ndiyo nitalala nikiiwaza.”

Kisha akainua mikono, ili mama aendelee na kazi yake.